Kijana Ameulizwa Nini?

Mara nyingi mnasikia watu wakisema: «Kijana wa Kivu anapenda bunduki.» Wanaosema hivyo hawakumuuliza kijana hata siku moja analala wapi na anakula kwa nani.

Tuanzie kwa udongo. Mwaka 1925 Wabelgiji walifungua Hifadhi ya Albert, ile tunayoiita leo Virunga, kisha wakaipanua. Kati ya 1937 na 1955 wakaleta Masisi maelfu ya familia kutoka Rwanda, wapate watu wa kazi kwenye mashamba ya wazungu. Halafu sheria ya Julai 1973 ikasema udongo wote ni mali ya Serikali, bila kueleza wazi haki ya mtu anayelima kwa desturi. Mwenye cheo na feza akapata karatasi. Mlimaji akabaki na neno la mwami tu. Baba mwenye shamba dogo na vijana sita angewagawia nini? Na kijana asiye na shamba haoi, na asiyeoa haongei kwenye baraza ya wazee.

Miaka ya 1990 mishahara ya walimu ilikatika, wazazi wakabeba mzigo huo, na watoto wengi wakaacha masomo. Mwezi wa tatu 1993 vita vikawaka Walikale na Masisi. Mwaka 1994 wakimbizi zaidi ya milioni moja wakaingia Kivu. Mwisho wa 1996, AFDL ilipopita ikitafuta askari, watoto wengi wakaifuata. Ndio tuliowaita kadogo. Tarehe 17 Mei 1997 jeshi hilo likaingia Kinshasa.

Baadaye wachunguzi waliketi na vijana. Vlassenroot na Van Acker, walioandika juu ya Mai-Mai mwaka 2001, walionyesha kwamba kijana aliyekosa shamba, shule na kazi aliona kundi la silaha kama mlango wa kutokea. Mwaka 2003 Shirika la Kazi Duniani likachapisha uchunguzi juu ya watoto wa vita katika Afrika ya Kati, na Kongo imo. Wengi walijibu kwamba walijiandikisha wenyewe. Neno hilo «wenyewe» mimi naliogopa. Mtoto wa miaka 13 aliyelala njaa anachagua nini? Wala halimwondolei kosa mkubwa aliyempokea: mwaka 2012 Mahakama ya Kimataifa ilimhukumu Thomas Lubanga kwa ajili ya watoto wa chini ya miaka 15 walioingizwa jeshini huko Ituri.

Ninyi mlio kambini mnaweza kufanya uchunguzi wenu. Msianze kwa kuandika majina: kijana atafikiri ni orodha ya msaada, ama ya askari. Ulizeni siku yake: jana alikula nini, alifanya kazi gani, feza ilikwenda wapi. Siku ya kijana wa chukudu si siku ya yule anayechoma makala. Wasichana waketi na mama wanayemwamini, mbali na wanaume, la sivyo watajibu «tuko sawa» tu. Mkubwa wa kambi asikae hapo akisikiliza. Mwishowe muulizeni kama anataka kurudi kijijini, na akirudi atalima shamba la nani. Hapo nyamazeni, mngojee ajibu.