Nguo Isiyojua Inachosema

Katika minada ya Masasi na Newala si ajabu kuiona fulana ya mtumba yenye Kiingereza kisichomstahili aliyeivaa. Mzee mwenye heshima zake huweza kuingia kanisani na tusi kifuani, wala asijue. Wapitao wanaoelewa hucheka. Mimi naona kicheko hicho kina historia, na zamani lugha iliyochapwa bila kueleweka ilikuwa hii yetu.

Kanga za kwanza, mwishoni mwa karne ya 19, hazikuwa na maneno. Mwaka 1887 Kaderdina Hajee Essak alianza biashara yake Mombasa, na nguo zake zikajulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Yeye ndiye atajwaye kuwa alizitia kanga majina mapema katika karne ya 20. Kwanza kwa herufi za Kiarabu, kisha za Kirumi. Uchapaji wenyewe ulifanyika mbali: Uingereza, India, Japani, na Helmond nchini Uholanzi katika kiwanda cha Van Vlissingen.

Mafundi wa huko hawakuhitaji kujua Kiswahili. Waliifuata herufi kama walivyolifuata umbo la ua au la korosho. Kwa jicho la namna hiyo, "penda" na "panda" ni karibu kitu kimoja. Ndiyo maana kanga nyingine zilifika na maneno yaliyogandana au yaliyopungua herufi.

Hata hivyo kanga haikuwa bubu. Kabla ya fundi alikuwapo mfanyabiashara aliyeyaagiza maneno. Baada yake alikuwapo mwanamke aliyeyasoma, akayapima, akaamua ni nani ayaone. Hata huku Chilangala, ambako bibi zetu walilelewa kwa Chimakonde na Kiswahili kikaja baadaye, kanga iliyotuzwa mwali siku ya unyago haikutolewa ovyo. Asiyejua kusoma alisomewa kwanza.

Kilichanja cha Urafiki kilipoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, uchapaji nao ulikuja karibu na wenye lugha. Lakini biashara ilipolegezwa katika miaka ya 1980, mitumba ilifurika, nayo haina mwagizaji wa maneno wala msomaji. Maneno yake yalitungwa kwa ajili ya watu wengine, yakafungwa katika robota, yakauzwa kwa uzito. Hasara ninayoiona ni zaidi ya aibu ya mzee mmoja: mtoto hukua akidhani maandishi ya nguoni ni pambo, hayamhusu.

Kwa hiyo nawaomba malenga mambo mawili. Tuwasomee wazee wetu fulana kabla hawajazinunua, kama bibi zetu walivyosomewa kanga. Na tuwapelekee wachapaji majina mapya, yenye vina na heshima, kabla hawajayaokota popote.