Kwa nini kusomea meno Marekani ni ghali kuliko kusomea udaktari?

Hebu nikuulize swali. Kati ya daktari anayepasua moyo na daktari anayeziba jino, yupi unadhani alitoka shule ya udaktari na deni kubwa zaidi? Wengi wetu tutajibu haraka: wa moyo, kuna swali hapo?

Kwa Marekani, jibu hilo si sahihi. Wahitimu wa shule za meno waliokopa huko wanamaliza na deni la wastani wa takribani dola 300,000. Wenzao wa udaktari wa tiba, waliosoma miaka 4 ile ile, wanamaliza na takribani dola 200,000. Tofauti ni kama laki moja ya dola, na hapo tunazungumzia meno 32 dhidi ya mwili mzima!

Kabla hatujaendelea, kumbuka kwamba mfumo wao si kama wetu. Pale Muhimbili au Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanafunzi anatoka sekondari na kuingia moja kwa moja kwenye shahada ya meno ya miaka 5. Marekani anamaliza kwanza chuo, kwa kawaida miaka 4, ndipo aombe nafasi shule ya meno au ya tiba kwa miaka 4 mingine.

Sasa basi, hiyo laki moja imetoka wapi? Ukiuliza, utaambiwa vifaa vya meno ni ghali. Ni kweli, lakini hata vifaa vya moyo ni ghali. Swali zuri zaidi ni hili: nani analipia vifaa hivyo? Kulijibu inabidi turudi nyuma karibu miaka 190.

Baltimore, 1840

Zamani hizo jino likikuuma ulikwenda kwa kinyozi, kwa mhunzi, au kwa fundi yeyote mwenye koleo na mkono imara. Wapo waliokuwa na ujuzi wa kweli, lakini wengi waliupata kwa kumtazama fundi mwingine akifanya kazi. Katika mji wa Baltimore, jimbo la Maryland, Horace Hayden na Chapin Harris walitaka kazi hii ifundishwe darasani, pamoja na anatomia na fiziolojia.

Inasimuliwa kwamba walikwenda kwanza kwa walimu wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Maryland, wakaomba meno yawe somo ndani ya shule yao, wakakataliwa. Wanahistoria wanabishana kuhusu kisa hicho, maana maandishi ya kukithibitisha ni haba. Kisichobishaniwa ni kilichofuata. Februari 1840 jimbo liliidhinisha Baltimore College of Dental Surgery, chuo cha kwanza cha udaktari wa meno duniani. Kilianza na wanafunzi 5, na mwaka 1841 kikatoa wahitimu 2.

Lilikuwa jambo la kujivunia, na mpaka leo madaktari wa meno wanajivunia. Lakini angalia kilichotokea chini kwa chini: meno yakapata shule yake, shahada yake, leseni yake, na baadaye mfuko wake wa hela. Mdomo ukahamishwa kutoka kwenye mwili.

Ripoti mbili, bahati mbili

Mwanzoni mwa karne ya 20, shule nyingi za tiba na za meno Marekani zilikuwa biashara za watu binafsi. Mwenye shule aliishi kwa ada, kwa hiyo alipokea karibu kila aliyeweza kulipa. Mwaka 1910 Abraham Flexner, aliyetumwa na taasisi ya Carnegie, alichapisha ripoti kali kuhusu shule 155 za tiba za Marekani na Kanada. Shule nyingi dhaifu zikafungwa au kuunganishwa. Zilizobaki ziliingia vyuo vikuu, zikashikamana na hospitali, na fedha za wafadhili wakubwa, hasa zile za Rockefeller, zikaanza kumiminika.

Meno nayo yalipata ripoti yake, ila miaka 16 baadaye. Mwaka 1926 William Gies, mwanabiokemia wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliandika kwa niaba ya Carnegie kwamba udaktari wa meno uheshimiwe sawa na matawi mengine ya tiba, na shule zake zisaidiwe kifedha kama zinavyosaidiwa shule za tiba. Nusu ya ushauri huo ilifuatwa, shule zikahamia vyuo vikuu. Nusu ya pili, ile ya hela, haikuja kwa kiwango kile kile.

Shule iliyo pia zahanati

Hapa ndipo penye kiini cha jambo, kwa hiyo twende taratibu.

Mwanafunzi wa tiba anajifunzia hospitalini. Hospitali ingekuwepo hata asingekuwepo yeye: ina wagonjwa, wauguzi, vitanda, na bima inayolipa. Walimu wake ni madaktari wanaotibu, na malipo ya matibabu hayo pamoja na ruzuku za utafiti ndiyo yanayoendesha shule. Ada ya wanafunzi ni sehemu ndogo tu ya mapato.

Mwanafunzi wa meno yeye lazima achonge jino la mtu kwa mkono wake kabla hajahitimu, na jino likishachongwa halirudi. Kwa hiyo shule inajenga zahanati yake yenyewe: viti vya wagonjwa, mashine za kuchongea, mitambo ya hewa, eksirei, wasaidizi, na mwalimu wa kukagua kila hatua. Mwanafunzi anafanya taratibu, na mgonjwa anakuja kwa sababu bei ni nafuu. Ni kawaida zahanati kama hiyo kutumia zaidi ya inachoingiza. Pengo linazibwa na nani? Sehemu kubwa na mwanafunzi, kwa ada na kwa malipo ya vifaa.

Kisha ikaja sheria ya mwaka 1965 iliyoanzisha Medicare, bima ya serikali kwa wazee. Sheria hiyo iliacha nje matibabu ya kawaida ya meno. Hapo hapo ikaanza kuzilipa hospitali kwa ajili ya kuwafunza madaktari wapya baada ya kuhitimu, ndiyo maana daktari wa tiba anayesomea ubingwa Marekani analipwa mshahara. Kwa upande wa meno zipo programu za ubingwa, kwa mfano za kupanga meno, ambazo mwanafunzi ndiye anayelipa ada!

Tuwe wa haki, lakini. Daktari wa meno akihitimu anaweza kuanza kazi karibu mara moja, wakati mwenzake wa tiba anasubiri miaka 3 hadi 7 ndipo apate kipato kamili. Kwa hiyo deni kubwa halimaanishi moja kwa moja maisha mabaya. Ila deni linabaki deni. Tuchukue riba ya asilimia 7 kwa mfano: dola 300,000 zinazaa dola 21,000 kwa mwaka, yaani 1,750 kila mwezi, na hapo hujagusa mtaji.

Kulikuwa na wakati serikali ilijaribu kusawazisha. Sheria ya mwaka 1963 ilitoa fedha za majengo na mikopo kwa shule za tiba na za meno pia, na mwaka 1971 ikaongezwa ruzuku kwa kila mwanafunzi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ruzuku hiyo ikaisha. Kati ya 1986 na 2001 shule 7 za meno za binafsi zilifungwa. Georgetown ilifunga yake 1990, Washington University ya St. Louis 1991, na Northwestern 2001. Vyuo vyote hivyo vitatu vilibaki na shule zao za tiba.

Barabara moja, bei mbili

Ukitaka kuiona historia hii kwa macho, nenda First Avenue, New York. Chuo Kikuu cha New York kina shule ya tiba na shule ya meno kwenye barabara hiyo hiyo. Agosti 2018 shule ya tiba ilitangaza kwamba wanafunzi wake wote hawatalipa ada tena, ada iliyokuwa takribani dola 55,000 kwa mwaka. Wafadhili walichangia, hela ikatosha. Mitaa michache kusini, wa meno waliendelea kulipa zaidi ya dola 70,000 kwa mwaka.

Na sasa kuna jipya. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 imeweka kikomo cha mikopo ya serikali kuu kwa wanaoanza kukopa kuanzia Julai 2026: dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla, kwa tiba na kwa meno sawasawa. Kikomo kinaonekana cha haki kwa sababu ni kimoja. Lakini zidisha 70,000 kwa miaka 4 uone. Anayebaki na pengo atakwenda kukopa benki, na benki itamuuliza mdhamini. Mtoto wa mwenye hela atapita. Mtoto wa dereva je?

Hili halimhusu mwanafunzi peke yake. Mwenye deni kubwa ana sababu ya kufungua kliniki penye wagonjwa wanaolipa vizuri, na si kijijini au penye bima ya maskini inayolipa kidogo. Mwaka 2007 mtoto wa miaka 12 alifariki Maryland, jimbo lile lile la chuo cha kwanza, baada ya uambukizi wa jino kufika kwenye ubongo. Kung'oa jino hilo kungegharimu kama dola 80. Baada ya hapo Maryland ilirekebisha mpango wake wa meno kwa watoto.

Kama una mdogo wako anayewaza kwenda kusomea meno Marekani, mwambie aulize mambo matatu kabla ya kujaza fomu. Ada ya miaka yote 4 ni ngapi, pamoja na vifaa? Zahanati ya shule inapata ruzuku ya jimbo, au inaendeshwa kwa ada? Na mkopo atautoa wapi, maana mikopo ya serikali kuu haipewi mwanafunzi aliyeingia kwa viza ya masomo? Akishapata majibu, ndipo alinganishe na Muhimbili na Nairobi.