Jiwe, Neno na Setilaiti: Habari za Kompyuta na Anga katika Ufuo wa Kituku, Goma

Katika maandishi yahusuyo maendeleo ya Kiswahili imezoeleka kuizungumzia sayansi kama mgeni. Kompyuta ilikuja, chombo cha anga kilirushwa, mchezo mpya ukatolewa Japani, kisha wataalamu wa istilahi wakaketi kutafuta majina. Kwa mtazamo huo mzungumzaji wa Kiswahili ndiye msikilizaji wa mwisho wa habari hizo, na akizipokea kwa mzaha au kwa kuinua mabega huhesabiwa kuwa bado hajaelimika. Makala hii inakusudia kuonyesha kuwa mtazamo huo hautoshi kuieleza historia ya mashariki mwa Kongo, hasa ya mji wa Goma. Katika mji huo habari za kompyuta, za michezo yake na za setilaiti zilikuwa pia habari za bei, za kazi na za ardhi iliyo chini ya nyumba. Aliyeuliza "hayo yanatuhusu nini?" aliuliza swali la haki, na mara nyingi jibu lilimfikia likiwa limechelewa.

Kituku ni mahali panapofaa kuanzia. Ni soko na bandari ndogo kwenye ufuo wa Ziwa Kivu, upande wa magharibi wa mji. Mashua hushusha hapo vyakula kutoka Minova, Kalehe na kisiwa cha Idjwi, na wakazi huteka hapo maji ya ziwa kwa madumu. Lugha ya soko ni Kiswahili cha Kivu, chenye maneno mengi ya Kifaransa. Hata sambaza, samaki mdogo anayeuzwa kwa mafungu katika masoko ya ziwa hilo, ana historia ya kisayansi: aliletwa na wataalamu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa kuwa Ziwa Kivu lilikuwa na samaki wachache. Mkenya wa leo alisikiapo neno hilo hufikiria kumtumia nduguye salio la simu. Mtu wa Goma hufikiria kitoweo.

Kuhusu majina ya mashine yenyewe hapana haja ya kukaa sana. Dar es Salaam na Nairobi zilipokea neno kompyuta, na wanaistilahi wakapendekeza tarakilishi na ngamizi. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi ambayo maagizo yake yote yalikuwa kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi kubwa na ya kusifiwa. Lakini Goma, ambako ofisi na shule za juu hufuata Kifaransa, mashine ileile iliitwa kwa jina lililotokana na Kifaransa, ordinateri, na Kiswahili sanifu cha programu hiyo kilikuwa karibu kigeni kama lugha iliyokusudiwa kuondolewa. Wanaolinganisha istilahi za nchi hizi husahau mara nyingi kuwa lugha moja ina milango zaidi ya mmoja ya kuingilia maneno.

Jambo lisilosemwa sana ni kwamba maneno pia yalitoka. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya maadhimisho ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, mali ya Waitalia, lililosimikwa baharini karibu na Malindi. Kwa heshima ya siku hiyo ikapewa jina la Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutengwa kabisa kwa uchunguzi wa eksirei zitokazo angani, na orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Hivyo neno la mikutano ya siasa likaingia katika vitabu vya astronomia, na bado limo.

Upande wa Kongo, ambayo baadaye iliitwa Zaire, anga ilikuja kwa namna nyingine. Wanaanga wa Apollo 11 walipita Kinshasa mwezi Oktoba 1969 katika ziara yao ya dunia. Miaka michache baadaye kampuni ya Kijerumani ya OTRAG ilipewa na serikali ya Mobutu eneo kubwa la Shaba, nchi ya Kiswahili, ili ijaribu roketi zake. Ya kwanza ilirushwa tarehe 17 Mei 1977. Ya tatu, mwezi Juni 1978, ilishindwa mbele ya Rais mwenyewe, na mwaka 1979 mkataba ukavunjwa kutokana na shinikizo la mataifa mengine. Roketi hizo hazikuacha neno lolote la kudumu katika Kiswahili cha Shaba ambalo wanaisimu wamelitilia maanani. Yaelekea hilo ni jambo la kawaida kwa kitu kilichofanywa nyuma ya uzio.

Mfano wa Goma una uzito zaidi. Katika maeneo ya chini ya ufuo wa kaskazini wa ziwa, toka mitaa ya magharibi ya mji hadi upande wa Sake, gesi ya kaboni dayoksaidi hupenya kutoka ardhini. Kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutuama mashimoni, hasa usiku na alfajiri ambapo hakuna upepo. Mbuzi aliyelala humo haamki. Mtoto aliye mfupi hudhurika pale mtu mzima anapopita salama. Wenyeji waliliita jambo hilo mazuku, upepo mbaya, wakajua mashimo yake. Wanavolkano kutoka Ulaya walipoandika juu yake hawakupata neno bora zaidi katika lugha zao. Leo mazuku ni istilahi ya kimataifa, hutumika katika majarida ya sayansi bila kutafsiriwa. Tazama basi: mahali palepale panapodhaniwa kupokea tu elimu ya wengine ndipo palipotoa jina la jambo la kisayansi, kwa sababu watu wa hapo walilitazama kwanza na kwa hasara yao.

Biashara ya koltani inaonyesha upande mwingine wa uhusiano huo. Koltani ni madini yenye tantalamu, metali inayotumika kutengeneza kapasita, yaani vifaa vidogo vya kutunza chaji ya umeme ndani ya simu, kompyuta na mashine za michezo. Tarehe 4 Machi 2000 kampuni ya Sony ilianza kuuza PlayStation 2 nchini Japani. Mwaka huohuo mahitaji ya simu za mkononi yaliongezeka, wanunuzi wakaogopa upungufu, na bei ya tantalamu katika soko la dunia ikapanda takriban mara kumi kabla ya mwaka kwisha. Goma ilikuwa chini ya waasi wa RCD tangu Agosti 1998. Mwezi Novemba 2000 waasi hao waliipa kampuni moja, SOMIGL, haki ya pekee ya kuuza koltani nje, ili wapate ushuru wake.

Taasisi ya Pole ya Goma, katika uchunguzi wake uliotolewa mwanzoni mwa mwaka 2002, iliandika yaliyowapata raia wa Kivu Kaskazini. Vijana waliacha masomo, wakulima na wafugaji wakaacha mashamba na malisho wakaenda machimboni Masisi na Walikale. Vyakula vikapanda bei, fedha za dola zikaonekana mikononi mwa watu ambao hawakuwahi kuzishika. Kisha katika mwaka 2001 bei ikaporomoka kwa haraka ileile iliyopandia. Wachimbaji wengi hawakuwa na habari ya hakika kuhusu matumizi ya jiwe walilolichimba. Walijua bei ya jana na bei ya leo. Aliyekuwa akisoma Tokyo au New York habari kwamba mashine ya michezo imeadimika madukani, na aliyekuwa akiambiwa Goma kuwa kilo haina tena thamani, walikuwa wakisoma kurasa mbili za kitabu kimoja, wala hakuna aliyejua kuwa mwenzake yupo.

Baadaye baadhi ya waandishi wa ng'ambo waliziunganisha kurasa hizo na kuiita vita ile "vita ya PlayStation". Jina hilo linavutia, lakini halifai kukubaliwa hivihivi. Vita ilianza kabla mashine hiyo haijauzwa, na haikukoma bei ilipoanguka. Sababu zake za ardhi, uraia na ujirani wa mataifa ni za zamani zaidi. Aidha, michezo ilikuwa sehemu tu ya mahitaji ya tantalamu. Kasoro kubwa zaidi ni kuwa jina hilo linamfanya mchezaji wa mbali kuwa mhusika mkuu, hata katika kujilaumu kwake, na raia wa Masisi anabaki kuwa mandhari.

Linganisha na jina lililotungwa na watu wa Kivu wenyewe. Mwezi Julai 2010 Rais wa Marekani alitia saini sheria ya mambo ya fedha, ambayo kifungu chake kimoja kiliyataka makampuni yaeleze iwapo madini wanayotumia yanatoka Kongo au nchi jirani. Wanunuzi wengi wakajitenga na eneo zima kuliko kuingia katika usumbufu wa kupeleleza. Mwezi Septemba mwaka huo Rais Kabila naye alisimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, hadi Machi 2011. Watu walioishi kwa kuchimba, kubeba na kuuza wakakosa riziki. Huko Marekani sheria ilijulikana kwa majina ya wabunge wawili na nambari ya kifungu. Kivu iliitwa Sheria ya Obama. Mtu anaweza kudhani kuwa huo ni ujinga wa watu wasiosoma hati. Kwa hakika ni ufupisho wenye busara. Nambari ya kifungu haiwezi kuulizwa swali. Mtu mwenye jina anaweza.

Sayansi ya anga nayo iligusa Goma kwa njia ya mlima. Nyiragongo ulipolipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ilipita katikati ya mji ikaingia ziwani, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege na kuwaacha watu wapatao 120,000 bila makao. Wanasayansi wa Kongo, wakiwa na vituo viwili tu vya kupimia mitetemo vilivyokuwa vikifanya kazi, walikuwa wamekwisha kuona dalili. Baada ya hapo misaada ya nje iliongezeka, na Kituo cha Volkano cha Goma kikaunganishwa na setilaiti zinazoweza kupima kutoka angani namna ardhi inavyoinuka au kuachana kwa sentimita chache.

Hata hivyo uzi huo ulikuwa mwembamba. Ufadhili wa mradi uliotegemea Benki ya Dunia ulikoma mwaka 2020, na kwa miezi kadhaa Kituo kilikosa hata intaneti ya kupokelea vipimo vyake. Huduma hiyo ilikuwa imerudi majuma machache tu kabla mlima haujapasuka jioni ya Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021. Haki inataka isemwe kuwa utafiti uliochapishwa mwaka 2022 ulionyesha kuwa mlipuko huo ulikuja karibu bila dalili za kutangulia, hivyo huenda intaneti isingewaokoa wote. Lakini watu waliokimbia usiku ule bila tangazo lolote hawakuwa na utafiti huo mkononi.

Siku zilizofuata zilikuwa ngumu zaidi kueleweka. Lava ilikuwa imesimama karibu na mji, ila ardhi iliendelea kutetemeka mchana na usiku, na nyufa zikatokea barabarani. Picha za rada kutoka setilaiti zilionyesha kuwa magma imesogea chini ya mji wenyewe na kuelekea chini ya ziwa. Kompyuta za Ulaya zilichora jambo hilo kwa rangi za upinde wa mvua. Huko Goma liliwafikia watu kama amri. Alfajiri ya tarehe 27 Mei gavana wa kijeshi aliagiza wakazi wa mitaa kumi kati ya kumi na minane wahame mara moja. Watu wapatao 400,000 waliondoka, wengine kwa miguu kuelekea Sake, wengine Rutshuru, wengine kwa meli na mashua kwenda Kivu Kusini. Lava haikutoka tena, na mwezi Juni walianza kurejea.

Je, amri ile ilikuwa kosa? Wapo waliolalamika hivyo, na malalamiko yao yana msingi: walilala nje, waliibiwa, walikunywa maji machafu. Lakini magma ilikuwapo kweli. Kilichokosekana ni maelezo ya katikati, baina ya rangi za picha na neno "hameni". Kiswahili cha ufuo kilikuwa na uwezo wa kubeba maelezo hayo. Watu waliolipa jina mazuku, gesi isiyoonekana, wasingeshindwa kuelewa moto usioonekana chini ya sakafu, kama mtu angeketi nao akawaeleza.

Tarehe 3 Oktoba 2024 boti iliyotoka Minova ilipinduka na kuzama ikiwa karibu kabisa na bandari ya Kituku, mbele ya macho ya waliokuwa ufuoni wakiwangoja jamaa zao. Mapigano yalikuwa yamekata barabara ya Minova tangu mwanzoni mwa mwaka huo, na wasafiri pamoja na mizigo wakawa wamehamia majini. Mmoja wa waliokuwa karibu alipiga picha za video kwa simu wakati boti inalala upande, na katika muda wa saa chache picha hizo zilikuwa zimetazamwa katika kila bara. Gavana wa Kivu Kusini alitangaza waliokufa kuwa 78. Hesabu zilizotolewa na wengine baadaye zilitofautiana na hiyo.