Leta anapiga simu: uongo mpya, njia ya zamani

Wandugu, simu ya namna hii wengi wenu mmeisikia, kama si kwenu basi kwa mama mdogo ao kwa jirani. Namba usiyoijua. Sauti ya mtu mwenye heshima, Kiswahili kimechanganywa na Kifaransa cha biro. "Alo, mama, njo weye mwenye hii namba? Jina yako ilitoka ku listi ya wale Leta atasaidia. Dola mia mbili. Lakini listi tunafunga leo saa kumi. Tuma franka elfu kumi na tano ya dosie, kisha fwata vile nitakuambia, utatia kode yako ya siri." Mama anatuma. Kisha anatia kode. Jioni pesa ya mchele wote aliouza, iliyokuwa ndani ya simu, imekwisha kwenda.

Sisi tuliosoma tunapenda kusema: "Ule mama hakusoma, njo maana." Mimi sikubali. Kazi ya mbegu imenipitisha vijiji vingi, kwetu Obokote na kwingine, na nimeona walimu, wauguzi, hata wenye lisanse wakitoa pesa yao kwa simu kama hiyo. Yule mwizi hakubuni kitu. Listi, mjumbe usiyemjua, malipo madogo ya mbele, haraka: vyote alivikuta. Aliviiga kwa Leta mwenyewe, namna Leta alivyotulipa ao alivyotunyima kwa miaka zaidi ya mia moja.

Nianze na pamba, juu mimi ni mtu wa kilimo na pamba hiyo inatugusa sisi wa Maniema. Majaribio yalifanywa kwetu, upande wa Nyangwe, mwaka 1915. Mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji ikatoa amri ya kilimo cha lazima, na 1920 ikazaliwa kampuni Cotonco. Mkulima hakuulizwa. Alikuja muniteri wa kilimo, ao kapita, pamoja na chifu, akapima shamba, akaandika jina. Siku ya soko la pamba, kikapu kiliwekwa juu ya mzani ambao mkulima hakujua kuusoma. Bei ilikuwa imepangwa mbali, na kodi ilimngoja karibu na mzani kabla pesa haijafika nyumbani. Mwanahistoria Osumaka Likaka ameandika kitabu kizima juu ya wakulima wa pamba wa wakati huo. Mwenye kukipata akisome, hasa sisi tunaoitwa maagronome, juu ndani yake tunajiona sura ya wale waliotutangulia, na si sura nzuri.

Mkulima yule alijifunza nini? Kwamba pesa ya Leta inaletwa na mtu. Kwamba mtu huyo ana listi na wewe huna. Kwamba ukimuuliza "nani amekutuma?" unaweza kulala gerezani ao kupigwa fimbo. Jina Bula Matari lilikuwa la Stanley kwanza, kisha likahamia kwa serikali nzima, na mbele ya Bula Matari kutii haraka ilikuwa njia ya kujikinga. Leo tunawaambia wazee "ulizeni maswali kwanza". Ushauri mzuri, lakini babu zao waliuliza na kulipa kwa ngozi yao.

Kisha uhuru, mambo yalibadilika majina. Mshahara wa mfanyakazi wa Leta ulitoka Kinshasa ukiwa noti, ukashuka Kindu kwa ndege, ukaendelea kwa mtumbwi, kwa pikipiki, kwa baiskeli. Kila ulipopita, kuliachwa kidogo. Walimu wa zamani watakuambia walivyotia saini mbele ya hesabu moja na kupokea nyingine. Wa kuwalipa hakuwa mwizi wa mtandaoni, alikuwa mtu wa kweli mwenye muhuri wa kweli, na bado alikata kitu "ya njia". Kwa hiyo unapomwambia mwalimu wa rika hiyo kwamba dalili ya uongo ni kuombwa pesa kidogo kabla ya kupata yako, anakutazama tu. Kwake hiyo ilikuwa dalili ya ukweli.

Mwaka 2011 Augustin Matata Ponyo, mtoto wa Kindu, akiwa waziri wa fedha, alianzisha malipo ya mishahara kwa njia ya benki. Yule mtu wa katikati alipunguzwa nguvu, na mimi nampa Matata haki yake kwa hilo. Lakini benki haziko Kabambare wala Punia kama zilivyo mjini, basi Caritas ikabeba mishahara ya walimu mpaka vijijini, na kampuni za simu zikaingia pia. Mtu wa katikati akarudi kwa mlango mwingine, safari hii akiwa na simu mkononi.

Na hata huo mlango wa simu si mpya vile tunavyofikiri. Malipo ya Leta kwa njia ya simu hapa Congo yalitangulia M-Pesa. Kisha vita kubwa, Desemba 2003, iliundwa CONADER, tume ya kuwarudisha wapiganaji kwenye maisha ya kiraia. Aliyeacha silaha alipewa dola 110 siku ya kutoka, na baadaye dola 25 kila mwezi kwa mwaka mmoja. Hizo 25 zilipitia Celpay, kampuni iliyozaliwa ndani ya Celtel, na wakala alihakikisha malipo kwa simu. M-Pesa ya Kenya ilianza Machi 2007. Ya kwetu, ya Vodacom, mwisho wa 2012. Maana yake, katika nchi yetu watu wa kwanza kungoja msaada wa Leta kwa njia ya simu walikuwa vijana waliotoka msituni na bunduki, wengi wao wakiwa Mai-Mai kama wale wa Maniema.

Mfikirie mmoja wao. Amekwisha kutoa silaha, hawezi kurudi nyuma. Mwezi unapita, malipo yanachelewa, na kuchelewa kulikuwa kwingi. Siku mtu yeyote akija na kusema "niko na habari ya zile 25 zako", atafanya nini? Atasikiliza. Mimi naamini hapo ndipo uongo unapopata chakula: si kwenye ujinga, ni kwenye kungoja. Mtu asiyengoja kitu kwa Leta hadanganyiki kwa jina la Leta. Sisi karibu wote tunangoja: mshahara ambao haujaandikishwa, malipo ya uzeeni, mbegu za mradi, fidia ya vita.

Hiyo ya mwisho inaniogopesha zaidi. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilihukumu Uganda ilipe Congo dola milioni 325, kwa vipande vya milioni 65 kila mwaka. Mwisho wa mwaka uleule ikatoka sheria ya kuwatambua na kuwafidia wahanga wa ubakaji wa vita na wa makosa mengine makubwa. Ni haki, na imechelewa sana. Lakini haki hiyo inakuja kwa njia ya listi, na palipo listi mwongo hakosi kupita. Wanayemtafuta safari hii ni mama aliyekwisha kuumizwa mara moja, anayeona haya kumwambia jirani kwa nini jina lake liko pale. Akiibiwa, atanyamaza. Mwizi anajua.

Kuna tukio lingine la karibu ambalo tumelisahau upesi: RAM, Septemba 2020. Leta aliweka malipo juu ya kila simu, yakakatwa ndani ya unite zetu. Unaweka unite asubuhi, unapata mesaji, unite zimepungua. Watu walilia mpaka bungeni, na 2022 ikaondolewa. Mimi nasema RAM ilifanya kazi moja isiyoandikwa popote: ilifundisha nchi nzima kwamba mesaji isiyo na sura inaweza kugusa pesa yako kwa jina la Leta, na kwamba ni kweli. Mwaka 2021, upande mwingine, Kinshasa, mradi STEP-KIN wa Fonds Social pamoja na Benki ya Dunia ulituma msaada wa corona moja kwa moja kwenye simu za watu maskini. Hiyo pia ni kweli. Basi usimwambie mama yako "Leta hatumi pesa kwa simu". Anajua inatumwa. Akisikia umekosea kwa hilo, hatakusikiliza kwa lingine.

Ujanja wenyewe ni wa dunia nzima na ni wa zamani. Vidocq, Mfaransa aliyekuwa mhalifu kabla ya kuongoza wapelelezi wa Paris, aliandika katika miaka ya 1830 juu ya wafungwa waliotuma barua kwa matajiri wakidai kuna sanduku la dhahabu limefichwa, inahitajika pesa kidogo tu ya kulifikia. Kisha Mobutu kuanguka 1997, watu wa Ulaya na Marekani walipata barua za intaneti eti kutoka kwa jamaa zake, mamilioni yamekwama benki, tuma ya kufungulia. (Kweli, hata jina letu la aibu liliibwa likafanyiwa biashara.) Tanzania kila mtu anaijua mesaji ya "ile pesa tuma kwenye namba hii": inarushwa kwa maelfu, na inampata yule mmoja ambaye kwa bahati mbaya alikuwa kweli ana pesa ya kumtumia mtu siku hiyo. Huku kwetu jina linalonasa ni la Leta, kwa sababu zile nilizoeleza.

Sasa, mtu ajikinge vipi, akiwa na historia hii mgongoni? Jambo ambalo nimeona linaeleweka hata kwa bibi wa miaka sabini ni hili: kupokea pesa kwenye simu hakuombi kode. Pesa inaingia yenyewe, hata simu ikiwa imezimwa. Kode ya siri inafungua mlango wa kutoka. Mwizi anakuambia piga nyota hii, andika hesabu hii, tia kode "ili upokee", kumbe vidole vyako mwenyewe vinatuma. Namueleza mtu kama ghala: kuleta gunia hakuhitaji ufunguo wako, mleta anaweza kuliacha mlangoni, anayeomba ufunguo anataka kutoa. Na mesaji ya "umepokea" iliyotoka kwa namba ya kawaida ya mtu haina maana yoyote mpaka utazame salio lako mwenyewe.

La pili ni kukata simu. Nguvu ya yule mtu iko katika sauti. Ukimwacha aendelee, ile saa kumi ya kufunga listi inakaribia na kichwa kinapata moto. Kata, hata bila adabu. Kisha usimuulize yeye tena, wala usipige namba atakayokupa ya "shefu" wake, juu shefu amekaa kando yake. Uliza mtu unayemjua sura: shefu wa avenu, mwalimu, padri ao imamu, mtu wa biro ya kilimo ao ya mambo ya kijamii. Msaada wa kweli hauji kwa mtu mmoja kijiji kizima. Kama hakuna mwingine aliyeusikia, haupo.

Pesa ikiwa imekwisha kwenda, usipoteze saa nzima kwa kulia. Nenda mbio kwa kampuni ya simu ao kwa wakala wake, na ile mesaji yenye namba ya malipo usiifute. Kama mwizi hajatoa noti bado, wanaweza kuzuia. Sheria ipo: Kode ya Numerike ya tarehe 13 Machi 2023 inaadhibu udanganyifu wa namna hii. Shida ni kwamba kadi nyingi za simu zimeuzwa barabarani zikiwa zimeandikishwa kwa majina ya watu wasiojua lolote, kwa hiyo polisi wakifuata namba wanafika kwa muuza ndizi.

Na nyinyi wenzangu wa diploma, msicheke peke yenu kando. Simu yetu sisi ni nyingine kidogo: "Mradi mkubwa unatafuta agronome arobaini, dosie yako ilipita, tuma dola ishirini ya kipimo cha daktari." Tunangoja kazi kama Mai-Mai alivyongoja 25 zake. Umoja wa Mataifa wenyewe umeandika wazi kwamba hauombi malipo kwa hatua yoyote ya kuajiri, na hilo mtu analiweza kulisoma kabla ya kutuma, juu sisi tunaweza kusoma.

Wamama wa shirika moja la mchele ninaowatembelea walifanya lao bila kungoja mtu, kisha mwenzao mmoja kupoteza pesa ya msimu mzima. Ndani ya mlango wa depo waliandika kwa chaki namba tatu za watu wa kupigia kabla ya kutuma pesa popote: mwalimu, wakala wa simu, na mtoto wa mmoja wao anayesoma Kindu. Chaki ya namba ya tatu ilifutwa na mvua iliyopita kwenye paa. Wameiandika tena kwa makaa.