Somo la Historia kwa Redio: Mapatano ya Urusi na China

 

Leo tutazungumza habari za nchi mbili kubwa zilizofanya mapatano ya urafiki mwaka 1950. Kama mna ramani ya dunia ukutani, mwalimu na aonyeshe kwanza mji wa Moscow, kisha mji wa Beijing, ambao zamani uliitwa Peking. Tazameni jinsi nchi hizi zinavyopakana kwa maelfu ya maili. Wakati ule Urusi ilikuwa sehemu kubwa ya Muungano wa Sovieti, lakini hapa tutasema Urusi tu, kwa ufupi.

Nchi zote mbili zilitawaliwa na chama cha Kikomunisti, yaani chama kinachotaka ardhi, viwanda na mabenki yawe mali ya umma. Watu wengi duniani walidhani kwamba wenye imani moja hawawezi kugombana. Je, ilikuwa hivyo? Sikilizeni.

Mapatano yalivyofanywa

Tarehe 1 Oktoba 1949 Mao Zedong alitangaza serikali mpya ya China, baada ya vita vya miaka mingi. Nchi ilikuwa maskini, na reli nyingi zilikuwa zimeharibika. Mwezi Desemba Mao alipanda gari moshi akaenda Moscow kumwona Stalin, mkuu wa Urusi. Alikaa huko karibu miezi miwili. Fikirini: kiongozi wa watu zaidi ya milioni 500 anangoja ugenini miezi miwili!

Mkataba ulitiwa sahihi tarehe 14 Februari 1950. Mambo yake makubwa yalikuwa haya. Kwanza, kila nchi itamsaidia mwenzake akishambuliwa na Japani au na rafiki wa Japani. Pili, mkataba utadumu miaka 30. Siku hiyo hiyo Urusi ilikubali kuikopesha China dola milioni 300, kwa riba ya 1 kwa mia. Maana yake, kwa kila shilingi 100 uliyokopa, unaongeza shilingi 1 kila mwaka. Riba hiyo ilikuwa ndogo, lakini deni ni deni.

Vita vya Korea

Miezi minne baadaye, tarehe 25 Juni 1950, jeshi la Korea ya Kaskazini liliingia Korea ya Kusini. Umoja wa Mataifa ulipopiga kura kuisaidia Kusini, mjumbe wa Urusi hakuwapo barazani. Alikuwa amegoma kwa sababu kiti cha China bado kilikaliwa na serikali iliyokimbilia Taiwan. Kwa hiyo hakuna aliyeizuia kura hiyo.

Mwezi Oktoba askari wa China walivuka mto Yalu, wakapigana na majeshi yaliyoongozwa na Marekani. Urusi ilitoa silaha, na marubani wake waliruka kwa siri, lakini haikupeleka jeshi la nchi kavu. China ikatoa damu, na juu yake ikabaki na deni la silaha. Vita vilisimama tarehe 27 Julai 1953, na mpaka ulibaki karibu pale pale ulipokuwa. Wakorea wamegawanyika hata leo.

Urafiki unavunjika

Tusisahau mema. Maelfu ya mafundi wa Kirusi walikwenda China kusaidia kujenga viwanda vya chuma, vya magari na vya umeme. Vijana wengi wa China nao walisoma Urusi.

Lakini wahenga walisema, fahali wawili hawakai zizi moja. Mwaka 1950 China ilikuwa kama ndama kando ya fahali. Miaka ilipopita, ndama akaota pembe. Mwaka 1956 Khrushchev, aliyemfuata Stalin, alimlaumu Stalin bila kushauriana na wenzake wa China. Mwaka 1959 Urusi ilikataa kuendelea kuipa China maarifa ya bomu la atomiki iliyokuwa imeahidi. Mwezi Julai 1960 iliwaita nyumbani mafundi wake wote, zaidi ya 1,300. Waliondoka na michoro yao, na kazi nyingi zikasimama nusu. Jambo hilo lilitokea wakati wananchi wa China walikuwa katika njaa kubwa.

Mwezi Machi 1969 askari wa nchi hizo mbili walipigana risasi na kuuana katika kisiwa kidogo cha mto Ussuri. Mwezi Februari 1972 Rais Nixon wa Marekani alipokewa Beijing. Adui wa jana akawa mgeni wa leo! Mkataba ulipofika mwisho wake mwaka 1980, haukufanywa upya. Nchi hizo zilipatana tena mwaka 1989, Gorbachev alipokwenda Beijing.

Afrika ilihusika vipi?

Baada ya kugombana, kila moja ilitafuta marafiki Afrika. Mwaka 1964, alipokuwa Ghana, Waziri Mkuu Zhou Enlai alitangaza masharti ya misaada ya China. Mojawapo lilisema kwamba mafundi wa China wataishi kama mafundi wa nchi wanayoisaidia, bila kudai anasa. Kisha China ilizikopesha Tanzania na Zambia fedha bila riba, ikajenga nazo reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Kazi ilianza mwaka 1970, na reli ilikabidhiwa mwaka 1976.

Tunajifunza nini? Imani moja haitoshi kuwaunganisha watu wawili, ikiwa mmoja hutoa amri na mwingine hungoja. Msaada wa kweli humwachia mtu ujuzi mikononi mwake, hata siku mwenye kusaidia akiondoka asibaki kulia. Hili ni kweli kwa mataifa, na ni kweli kwa vyama vya ushirika vijijini.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Mao alikwenda Moscow kutafuta nini?
2. Ukikopa shilingi 300 kwa riba ya 1 kwa mia, utaongeza shilingi ngapi kwa mwaka?
3. Mafundi wageni wakiondoka kijijini kwenu kesho, ni kazi gani itaendelea, na ni ipi itasimama?

Kwaherini, mpaka somo lijalo.