Shahidi wa tatu: namna mashine zilijifunza kukamata kipimo kinachodanganya

Wale walipitia kozi ya otomatiki wanajua lile zoezi: unapewa matrisi, unatafuta gaini ya mwangalizi, unapata pointi zako, unasahau. Ni mara chache mtu anatuambia ile kitu ilitoka wapi. Leo tuongee historia yake.

Kwanza tuelewane. Shofere wa Fuso ambaye geji ya mazutu imekufa hasimami njiani. Anajua alijaza lita ngapi, anajua gari inakula kiasi gani kwa kilometa, basi anahesabu kichwani. Mara moja moja anaingiza fimbo mu tanki, anasoma, anarekebisha hesabu. Ile hesabu pamoja na ile fimbo, njo mwangalizi. Swali linabaki: vikipishana, uamini kipi, na kwa kiasi gani?

Mwaka 1960 Rudolf Kalman, mzaliwa wa Budapest aliyekuwa mtafiti kule Baltimore, Marekani, alitoa jibu: kila upande upewe uzito kufuatana na mashaka yake, na uzito ule uhesabiwe upya kila kipimo kinapoingia. Mwaka uleule alitembelea kituo cha NASA cha Ames, California, kwa Stanley Schmidt, ambaye alikuwa anatafuta namna chombo kinaweza kujua mahali kiko kati ya Dunia na Mwezi. Fomula ya Kalman ilikuwa ya mifumo ya mstari ulionyooka, na njia ya kwenda Mwezini haijanyooka hata kidogo. Kikundi cha Schmidt kikaamua kunyoosha hesabu kuzunguka makadirio ya mwisho, hatua kwa hatua. Kwangu mimi, bila Schmidt ile makala ingekaa sana mu maktaba.

Tena kulikuwa na shida ya kompyuta. Ile ya Apollo ilikuwa na maneno 2,048 tu ya kumbukumbu inayobadilishwa, na kila neno lilikuwa fupi. Hesabu zikikatwakatwa namna ile, jedwali la mashaka linaweza kutoa namba hasi. Mashaka chini ya sifuri! James Potter wa MIT alipata dawa: usibebe jedwali lenyewe, beba kipeuo chake cha pili. Ukikizidisha chenyewe kwa chenyewe, hasi haiwezi kutokea.

Mwaka 1964 David Luenberger, aliyetoka tu kumaliza doktora Stanford, alichapisha mwangalizi asiyehitaji takwimu za makelele. Unachagua gaini ili kosa life haraka. Ni huyu tunafanya mu mitihani. Lakini angalisho: gaini ikiwa kubwa mno, makelele ya vihisi, zile tunaita kapteri, yanaingia yote ndani.

Mpaka hapo tofauti kati ya hesabu na kipimo ilikuwa kitu cha kufuta tu. Rudi kwa shofere wetu. Kama kila mara fimbo inaonyesha pungufu, na hesabu yake ni nzuri, basi tanki linavuja, ao msaidizi wake anauza mazutu usiku. Ile tofauti ni habari. Mwaka 1971 Richard Beard, katika tezi yake MIT, aliichukua kwa uzito: alichagua gaini si kwa kufuta kosa haraka tu, lakini ili kila aina ya hitilafu isukume tofauti katika mwelekeo wake. Ukiona mwelekeo, unajua nini imeharibika. Na hii haikuwa kitu kidogo, kwa sababu mwangalizi anayeamini kipimo kupita kiasi anafuata uongo wake polepole, na tofauti inabaki ndogo kama vile hakuna kitu.

Faida ilionekana wazi kwa ndege. Ukiwa na vihisi viwili na vinapishana, unajua kimoja kinadanganya, hujui kipi. Zamani dawa ilikuwa kuongeza cha tatu, pamoja na uzito na bei yake. Mwaka 1977 Deckert, Desai, Deyst na Willsky walichapisha mbinu kwa ndege ya majaribio F-8 ya NASA: vihisi viwili tu, na hesabu ya mwendo wa ndege njo shahidi wa tatu. F-8 ileile, iliporuka mara ya kwanza kwa usukani wa kidijitali mwaka 1972, ilikuwa inaongozwa na kompyuta iliyotengenezwa kwa Apollo.