Benaco: nani alikuwa bosi wa kambi?

Haya wadau, nimepotea kidogo, mnisamehe. Wiki mbili hizi zimekuwa za maktaba, semina na foleni ya kafeteria. Bumu halijaingia bado, kwa hiyo hata wale wageni wa chumbani kwangu wa kila jioni wameadimika. Leo nimemaliza kazi ya semina ya historia, na nimeona nisiishie kumkabidhi mhadhiri tu. Ngoja niwasimulie na ninyi, maana imenigusa kuliko nilivyotegemea.

Swali lilikuwa hivi: jadili namna mashirika ya kimataifa ya misaada yanavyoshirikiana na serikali za nchi wakati wa maafa. Wenzangu wengi walikimbilia Haiti, wengine tsunami ya 2004, na kuna waliokwenda kutafuta madesa ya mwaka jana (mnajijua). Mimi nimezaliwa Ngara. Nikasema sitoki nyumbani, nitaandika Benaco.

Kwa ambao hamjafika, Benaco leo ni kimji cha njia panda, malori ya Rwanda na Burundi yanapumzika pale, madereva wanakula chipsi na kuendelea. Hata jina si la kwetu, lilitokana na kampuni ya ujenzi ya Italia iliyojenga barabara. Lakini mwaka 1994 pale palikuwa na moja ya kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Mama yangu alifanya kazi humo. Alikuwa nesi kijana kwenye zahanati ya serikali, akaacha, akaajiriwa na shirika moja la nje. Ukikua nyumbani kwetu unajua kwamba habari za kambi huwa zinasimuliwa nusu. Nusu ya pili mama hutoka nje kuangalia kama nguo zimekauka.

Sasa historia yenyewe. Watu hudhani ushirikiano wa serikali na mashirika ulianza na magari meupe ya miaka ya tisini. Sivyo. Tanganyika Christian Refugee Service, TCRS, ilianza mwaka 1964. Warundi walipokimbia mauaji ya 1972, ulikuwapo mpango wa mafiga matatu. Serikali ilitoa ardhi na usalama, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, likatafuta fedha, na TCRS ikafanya kazi ya mikono: barabara, visima, shule, zahanati. Ndivyo yalivyojengwa makazi ya Ulyankulu (1972), Katumba (1973) na Mishamo (1978). Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere akapewa medali ya Nansen kwa namna nchi ilivyowapokea wakimbizi. Kila upande ulijua figa lake, na kulikuwa na muda wa kukaa na kuandikishana.

Mwaka 1994 muda haukuwepo. Tarehe 28 na 29 Aprili, UNHCR ilikadiria kwamba watu 250,000 walivuka daraja la Rusumo ndani ya saa 24. Someni tena hiyo namba. Ni kama uwanja wa taifa ujae mara nne, na wote wanakuja kulala kwako usiku mmoja, hawana chakula. Wakati huo mto Kagera ulikuwa unateremsha maiti. Kwa muda mfupi wakimbizi wakawa wengi kuliko wenyeji wa wilaya nzima ya Ngara.

Hapa ndipo nilipopata jambo la kwanza la kunishangaza. Ungetegemea watu wafe kama kumbikumbi. Miezi miwili na nusu baadaye, Julai 1994, Goma upande wa Zaire waliingia watu wengi zaidi, na kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara yakaua maelfu kwa maelfu. Makadirio yanafika watu 50,000. Ngara haikuwa hivyo. Kwa nini? Kulikuwa na bahati, tuwe wakweli: Goma ni mwamba wa volkano, huwezi kuchimba choo kirahisi, na maji safi yalikuwa shida kubwa. Lakini kulikuwa na mambo mawili ambayo si bahati.

Moja, baada ya Rais Ndadaye kuuawa Burundi Oktoba 1993, Warundi wengi walikimbilia kwetu. Kwa hiyo chakula kilikuwa tayari kwenye maghala ya karibu, na watu wa UNHCR, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na Msalaba Mwekundu walishaifahamu njia ya Ngara na walishajuana na ofisi za wilaya. Pili, na hili ndilo la swali letu, serikali kupitia Wizara ya Mambo ya Ndani ilikubaliana na UNHCR kuzuia mashirika yasiingie kiholela. Ukitaka kufanya kazi Ngara unapita mlango mmoja, unaambiwa wewe chukua maji, wewe chukua zahanati, wewe gawa chakula. Goma serikali ya Mobutu ilikuwa imechoka, na mashirika zaidi ya mia yalimiminika, kila moja na bendera yake.

Nilipofika hapo kwenye kuandika nilikuwa nimeshapata hitimisho. Ushirikiano mzuri unaokoa watu, mwisho, naomba A yangu. Usiku huo nikampigia mama ili nipate kanukuu kazuri ka kupambia.

"Mama, hivi kule Benaco nani hasa alikuwa bosi?"

Akacheka. "Bosi gani mwanangu? Asubuhi bosi alikuwa mwenye lori la mahindi. Jioni bosi alikuwa mwenye panga."

Ikabidi nirudi maktaba.

Kumbe mezani hawakuwa wawili tu. Wakimbizi walivuka na viongozi wao wa wilaya na vijiji, na wengi wa viongozi hao ndio waliosimamia mauaji ya Watutsi kule walikotoka. Mashirika yalikuwa na haraka, yakagawa chakula kupitia hao hao, maana walikuwa na orodha za watu. Ukiwa na orodha unaongeza majina hewa, na ukishika mahindi umemshika mtu. Juni 1994 UNHCR na polisi wetu walijaribu kumwondoa kambini Jean-Baptiste Gatete, aliyekuwa kiongozi wa Murambi. Maelfu ya watu, wengine wameshika mapanga na fimbo, waliwazingira wafanyakazi wa misaada. Polisi waliokuwepo walikuwa wachache mno. (Gatete alikuja kukamatwa Kongo mwaka 2002, na mahakama ya Umoja wa Mataifa kule Arusha ikamtia hatiani kwa mauaji ya kimbari mwaka 2011. Rufaa yake iliisha mwaka 2012 kwa kifungo cha miaka 40.)

Hapo ndipo mafiga yalipoonekana yamepinda. Mashirika yalikuwa na fedha, lakini hayana polisi. Serikali ilikuwa na polisi, lakini haina mafuta ya gari wala askari wa kutosha kulinda mji uliozuka usiku mmoja. Kila mmoja akawa anamtazama mwenzake amalize tatizo la wauaji kambini, na likabaki. Mwisho wa mwaka 1994 tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka likajitoa kambi za Wanyarwanda, Zaire na Tanzania, likisema haliwezi kuendelea kuwalisha waliofanya mauaji. Wengine walibaki, wakisema mtoto wa kipindupindu hajaua mtu. Mpaka leo sijui ningekuwa upande gani.

Halafu kuna wenyeji, ambao kwenye vitabu hupewa aya moja. Misitu ilikwisha kwa kuni. Bei zilipanda na kushuka kama jahazi. Na mishahara ya mashirika ilivuta walimu, manesi na madereva kutoka kazi za serikali. Mama alikuwa mmoja wao. Alichukuliwa upesi kwa sababu Kihangaza chetu kinasikilizana na Kinyarwanda, hakuhitaji mkalimani. Siku zote nilijivunia hilo. Sikuwahi kujiuliza zahanati ya kijiji ilibaki na nani. Nilipomuuliza bibi akanijibu kwa mkato: "Ilibaki na mlango." Kwenye vikao vya uratibu hesabu ya kambi ililingana vizuri, kumbe upungufu ulihamia kijijini kwetu.

Sasa twende kwenye nusu ya pili ya hadithi, ile ya nguo kukauka.

Upepo ulibadilika. Tarehe 31 Machi 1995 serikali ilifunga mpaka na Burundi. Oktoba mwaka huo ukaja uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, na wakimbizi ni mada rahisi jukwaani. Wafadhili nao walichoka. Novemba 1996 kambi za Zaire zikavunjwa kwa vita na mamia ya maelfu wakarudi Rwanda. Mwezi uliofuata, mwanzoni mwa Desemba, Wanyarwanda wa kambi za Tanzania wakapata tangazo: wote wanatakiwa wawe wamerudi kwao ifikapo tarehe 31 Desemba 1996.

Tangazo hilo lilitolewa kwa pamoja na Serikali ya Tanzania na UNHCR. Shirika lililoundwa kumlinda mkimbizi asirudishwe kwa nguvu liliweka jina lake pale. Mkataba wa OAU wa mwaka 1969, ambao nchi yetu iliuridhia, unasema mkimbizi atarudi kwa hiari. Wakimbizi hawakusubiri. Tarehe 12 Desemba makundi makubwa yalitoka kambini, lakini yalielekea mashariki, ndani ya Tanzania, yakitaraji kufika Kenya au Malawi. Jeshi likawazuia na kuwageuza kuelekea Rusumo. Kufikia mwisho wa mwezi karibu nusu milioni walikuwa wamevuka. Amnesty International ililaani. Wengine walisema hapakuwa na njia nyingine, kwamba viongozi wa kambi walikuwa wamewashika watu mateka na bila jeshi wasingetoka. Sitaki kuwadharau wanaosema hivyo. Ni kweli wengi waliogopa viongozi wao kuliko walivyoiogopa Kigali.

Lakini angalieni hili, wadau. Kwa upande wa uratibu, Desemba 1996 ilikuwa kazi safi. Serikali na mashirika walikuwa na kauli moja, tarehe moja, barabara moja. Mama alikuwa kando ya hiyo barabara, anagawa maji na biskuti. Safari hii aliniambia, kwa simu, nusu saa nzima. Kwamba mwanamke mmoja aliyemzalisha mwenyewe kambini alipita na mtoto mgongoni, akapokea biskuti, akamuuliza kwa Kinyarwanda: "Nesi, na wewe umekubali?" Mama hakuwa na jibu, akampa pakiti ya pili.

Nikafuta hitimisho langu.

Nilichoandika badala yake ni hiki. Azimio la Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa namba 46/182 la mwaka 1991 linasema nchi yenye maafa ndiyo yenye jukumu la kwanza la kuanzisha na kuratibu misaada ndani ya mipaka yake. Sawa, na nadhani ni haki. Goma ilionyesha kinachotokea mwenye nyumba akiwa hayupo. Lakini serikali ina ardhi, mpaka na bunduki, na mashirika yana chakula na fedha, na wakielewana vizuri hakuna mlango unaobaki kwa mtu wa tatu kusema hapana. Ushirikiano ule ule ulioleta maji Aprili 1994 ndio uliofunga barabara ya mashariki Desemba 1996. Kwa hiyo tusipime uratibu kwa kuuliza tu kama wakubwa walipatana. Tuulize pia yule anayeratibiwa alikuwa na nafasi ya kuuliza, na nani alipaswa kumjibu.

Mhadhiri akisema nimetoka nje ya swali, basi, sapu nitaifanya. Likizo hii nikienda nyumbani nitashuka Benaco nipige picha, halafu nitakwenda mpaka ile zahanati. Mama amesema tutakwenda wote.

Ninyi mliotoka Kasulu, Kibondo, Karagwe, na wale wenye wazazi waliopita kambini kwa upande wowote, niandikieni. Nataka kusikia nusu zenu za pili. Kesho nina kipindi saa moja asubuhi. Usiku mwema.